Bashi ya Upande wa Kuume

Butembo, Jumanne tarehe 11 Novemba 2025

Kwako Shemeji Éliakim, uliye Beni,

Pokea salamu zangu na za watoto. Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, wewe na mama wa nyumbani kwako, na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho hapa kimekuacha. Sisi huku tupo. Sifa amepona malaria na amerudi shuleni, na Paulin ameng'oka jino la mbele, sasa anaongea kama mzee. Mvua inanyesha kila siku baada ya saa sita, barabara ya kwetu imekuwa matope mpaka watu wa pikipiki wanakataa kupanda. Maharagwe niliyopanda nyuma ya nyumba yamekubali.

Najua utashangaa kwa nini ninaandika wakati simu zipo. Simu unaweza kuikata. Tena mimi katika simu ni mtu wa kusema ndiyo Shemeji, ndiyo Shemeji, na nikishaweka chini ndipo ninakumbuka nilichotaka kusema. Karatasi itanisubiri nimalize. Mambo mengine nitakayoyaandika ulikuwepo yakitendeka, lakini nataka uyaone jinsi nilivyoyaona mimi. Nakuomba usiruke mistari.

Unajua kwamba tangu mdogo wako Mbusa, mume wangu, alipouawa shambani mwezi wa tatu, hakuna mtu wa kwetu aliyevuka tena kile kijito chini ya Kalunguta. Askari walikataza, na hata wasingekataza, nani angekwenda? Kakao tuliiacha iive juu ya miti. Basi mwezi wa tisa mama mmoja anayeuza samaki wa chumvi aliniambia kwamba kakao ya ng'ambo ya kijito inaonekana Beni kwa wanunuzi, na si kidogo. Nilimwuliza ni nani anayeileta. Akaangalia pembeni, akasema yeye ni mtu wa samaki tu.

Tangu siku hiyo niliharibika. Mtu akiweka mabati mapya, nilijiuliza ameyapata wapi. Mwanamke akinisalimia kwa sauti kubwa kuliko siku zote, nilijiuliza anaficha nini. Hata katika misa, wakati wa kupeana amani, nilikuwa ninaangalia vidole vya watu kama vina ule weusi unaobaki mtu akipasua kakao. Kwa maana watu walisema neno baya zaidi ya wizi: kwamba anayeingia kule na kutoka mzima, lazima ana mapatano na wale wa porini. Wale waliomwua Mbusa. Kwa hiyo kumjua anayevuna kakao yetu haikuwa tena habari ya kakao.

Ndipo nikaikumbuka droni. Umeiona mwenyewe, ile ndege ndogo ya mapanga manne ambayo Mbusa aliitengeneza katika chumba cha mbele. Mikono yake alikata kwenye fremu ya dirisha la aluminiamu, na motere zake zilikuja kutoka Kampala ndani ya mfuko wa mchele. Alitaka kupiga picha za ndoa kutoka juu. Alipokuwa akiifanya alizoea kubana skrubu kwa midomo, na ukimwuliza kitu alijibu kwa pua. Aliirusha mara kadhaa, lakini kamera hakuwahi kuifunga. Nilipoitoa juu ya kabati ilikuwa imefunikwa kwa shati lake la kazi, vile vile alivyoiacha. Shati sikulifua.

Nilimwita Muyisa, rafiki yake anayetengeneza simu, kwa sababu yeye alijua kuirusha. Kamera ya kununua hatukuwa nayo. Tulikuwa na simu ya Mbusa tu, na kioo cha kamera ya nyuma kilipasuka siku ile alipoanguka na pikipiki, kila picha inatoka na ukungu. Muyisa alitaka kutafuta kioo kingine. Mimi nikasema hapana, tutumie kamera ya mbele, ile ya mtu kujipiga picha mwenyewe. Tuigeuze simu, uso wake uangalie chini. Wazo hilo lilikuwa langu, Shemeji. Muyisa asisumbuliwe kwa ajili yake.

Tulihangaika nayo siku nne. Mara ya kwanza tuliifunga kwa waya, na picha ikatoka inatetemeka kama maji yanayochemka, kwa sababu mtikisiko wa motere ulipita katika chuma mpaka kwenye simu. Nikakata kandambili yangu ya zamani vipande vinne, tukaviweka kati ya simu na fremu, kisha tukaikaza kwa mikanda ya mpira wa ndani wa baiskeli. Mtetemo ukaisha. Lakini sasa ndege ilikuwa inainama mbele kama mbuzi anayekunywa maji. Nikamwambia Muyisa arudishe batri nyuma vidole viwili. Ikasimama sawa. Muyisa alipiga makofi, akasema, Mama Sifa, kumbe wewe ndiyo enjeniere, Mbusa alikuwa anakufichaka tu! Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu matanga, na nilipojisikia ninacheka niliingia jikoni.

Katika siku hizo ulinipigia simu. Sikujua ni nani aliyekuambia. Ulisema mjane hachezi na vyombo vya marehemu, na kwamba askari wataipiga risasi, kisha watakuja kuniuliza mimi ni mpelelezi wa nani. Nilikushukuru. Niliwaambia watoto kwamba baba yao mkubwa ana huruma.

Mkubwa wa kijiji kule Kalunguta alikwenda na Muyisa kwa askari kuomba ruhusa. Mkubwa wao alikubali: batri moja tu, asubuhi, mbele ya askari wake, na kitakachoonekana na yeye akione. Basi Jumamosi tarehe 25 Oktoba tuliirusha kutoka uwanja wa kanisa, kwa sababu pale ni juu ya kilima, na ni pale pale kwenye kaburi la Mbusa. Askari aliyetumwa alikuwa anatafuna muwa. Alituambia kwamba ikipita kilima cha tatu ataishusha yeye mwenyewe, na kwamba yeye hakosi. Ndege ilipanda ikilia kama nyigu, wamama waliokuwa wanafagia kanisa wakatoka wameshika vichwa. Ilivuka kijito, ikapotea. Muyisa alikuwa anahesabu dakika kwa midomo, bila sauti. Ilirudi na jani limenasa kwenye mkono mmoja. Askari alituomba tumpige naye picha, tukakataa kwa sababu batri ilikuwa imekwisha, akakasirika kidogo.

Kesho yake, Jumapili, ulifika kutoka Beni. Sikukuita. Ulisema ulikuwa na shughuli Butembo, ukakaa katika kiti karibu na dirisha, na pale tulikuwa wewe, mimi, Muyisa na majirani wawili. Tukafungua ile picha ya video. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona mashamba yale kutoka juu. Kakao ilikuwa kama mboga ya sombe iliyomwagwa, kijito kama uzi, huwezi kujua mti wa nani ni upi. Lakini mpango wa mashamba kila mtu aliujua. Ukisimama kanisani ukaangalia ng'ambo, sehemu uliyopewa na baba yenu iko kushoto, ya Mbusa iko katikati, na kuume ni shamba ambalo Yassini, yule mwenye lori la Fuso, alilinunua kwa watu waliohamia Uganda. Katikati tuliona kibanda cha Mbusa kimeanguka. Na kuume, mbele ya kibanda kingine, bashi, yaani turubai, imetandikwa chini, rangi ya buluu, na juu yake kakao inaanikwa. Kakao ya mtu anayekwenda na kurudi bila hofu.

Sasa nisikilize vizuri. Ulikuwa umeshika kikombe cha chai. Uliomba picha irudishwe. Ukaweka kikombe chini. Uliomba irudishwe tena, ukaishika simu wewe mwenyewe, ukaisogeza karibu na macho. Kisha uliegemea kiti, ukaomba sukari, ukatia vijiko vitatu, wewe ambaye daktari alikukataza. Ukauliza shamba la kuume ni la nani, kama mtu asiyejua. Majirani wakasema kwa pamoja, Yassini! Nawe ukasema, Mimi nilisemaka. Sikukumbuka lini ulisema, lakini nilidhani ni mimi nimesahau.

Baada ya hapo kila mtu alipata la kusema. Mmoja alisema Fuso ya Yassini inapita vizuizi vyote bila kusimamishwa. Mwingine alisema neno juu ya waislamu na watu wa porini ambalo sitaliandika hapa. Nililiacha lipite, mimi niliyekula wali na maharagwe ya Nasiba siku tatu za matanga, kwa sababu mke huyo wa Yassini alisema jiko langu lisiwashwe mpaka nipate nguvu.

Jumatatu ulinipeleka katika ofisi wanakopeleka mashitaka ya namna hiyo. Ulinishikia mwavuli. Nilieleza nilichoona, nikaacha nakala ya picha, nikatia sahihi. Jumanne wakamkamata Yassini mahali Fuso zinapopakia, mbele ya wapakizi wake, akiwa bado ameshika mkate.

Alhamisi Nasiba alikuja. Hakuingia. Alivua viatu, akakaa kwenye ngazi ya mlango. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, hata nilikuwa na majibu. Yeye aliniomba tu aone hiyo picha. Nikamwambia iko ofisini, na simu ilikuwa ndani ya mfuko wa kitenge changu. Akasema tangu mwezi wa tatu Yassini hapana anashuka Kalunguta hata kukojoa, anapita na Fuso madirisha yamefungwa. Hata siku ya kumzika Mbusa Yassini aliogopa, ni yeye Nasiba aliyemsukuma aende. Kisha akaniuliza, Mama Sifa, uliona sura yake mule? Nikasema niliona bashi. Akauliza, Bashi iko na sura? Akavaa viatu vyake akaondoka.

Alipokwenda niliifungua picha, nikaianza mwanzo kabisa, pale ndege inapoinuka, ambapo hakuna aliyekuwa na haja ya kuangalia. Nikaona kaburi la Mbusa kutoka juu, na msalaba wake. Wewe hujui, kwa sababu hukurudi pale tangu mazishi, lakini nilipanda ua la njano upande wa kushoto wa msalaba, ukiwa umesimama miguuni pake. Kuume niliacha wazi. Nilipaacha kwa ajili yangu, siku yangu ikifika. Katika picha ua lilikuwa kuume, na mahali pangu palikuwa kushoto.

Nilijua mara moja kwamba mtu amechimba kaburi. Kwamba amehamisha ua ili afiche alichokizika chini yake. Na unajua nilimdhania nani? Nasiba. Nilisema kumbe alikuja kupima kama nimegundua. Ona moyo wangu ulikuwa umefika wapi.

Jumapili tarehe 2, siku ya kuwaombea marehemu, nilikwenda Kalunguta na jembe, pamoja na watu wengine waliokwenda kusafisha makaburi yao. Nilikuwa na dawa ya padri pia, maji ya baraka katika chupa ya Fanta. Ua lilikuwa kushoto. Mahali pake pale pale, na mizizi yake. Nililivuta mpaka karibu nilikate, likakataa kutoka. Nilisimama na jembe mkononi mpaka mama mmoja akaniuliza kama ninaumwa.

Nilipofika nyumbani niliisimamisha simu mbele ya kalenda ya parokia iliyo ukutani, nikaipiga picha kwa kamera ile ya mbele. Herufi zote zilitoka kinyume. Novemba ilianzia mkiani. Nikainua mkono wangu wa kuume, na katika picha nikainua wa kushoto. Shemeji, kamera ya mbele ya simu ile inaandika mambo kama kioo. Hatukujua. Muyisa anatengeneza simu miaka sita, naye hakujua, kwa sababu mtu akijipiga picha anaangalia sura yake tu.

Nafikiri hapo ulipofika huhitaji tena niendelee, lakini nitaandika. Bashi ile haiko kuume. Iko kushoto. Iko katika shamba lako.

Nilijitahidi sana kukutetea, na hili nataka ulijue. Nilisema labda wewe pia ulidanganywa na picha kama sisi sote. Nilisema labda ni watu wengine wameingia katika shamba lako, nawe umeibiwa kama mimi. Niliikuza picha kwa vidole mpaka ikawa mirabamiraba, nikitafuta kitu cha kukuokoa. Ndipo kwenye pembe ya bashi nikaona kipande cheupe. Katika matanga ulituletea bashi yako ya buluu tuwafunike wageni, na siku ya pili mvua ilipenya kwenye pembe ikawalowesha wazee wanawake. Nilichukua mfuko wa unga, nikakata kiraka, nikakishona mimi mwenyewe kwa uzi wa viatu, nikiwa nimevaa nguo ya msiba. Ulisema nimeshona vizuri. Matanga yalipoisha uliikunja, ukaifunga nyuma ya pikipiki, ukaenda nayo.

Basi wewe uliitambua siku ile, ukiwa na kikombe mkononi. Ulipoona inaonekana upande wa Yassini, hukujua kwa nini, lakini ulijua inakusaidia. Ndiyo maana uliomba irudishwe mara mbili. Ndiyo maana ukaomba sukari.

Sasa nije kwenye kosa langu, kwa sababu barua hii si ya kosa lako tu. Tangu Jumapili ile nilipopiga picha ya kalenda, nilikaa siku nane bila kumwambia mtu. Siku nane, na Yassini yuko kifungoni kwa maneno yangu. Niliogopa. Wewe ndiye ambaye familia ilikuweka juu yangu na juu ya watoto baada ya matanga. Karatasi ya kiwanja hiki iko kwako. Niliogopa kuonekana mpumbavu mbele ya wale majirani. Na nilikuwa ninajiambia kwamba Yassini ana ndugu, ana gari, watu kama wale hawakosi njia ya kutoka. Kila asubuhi nilisonga uji nikijiambia hivyo. Siku moja nilisikia kwamba miguu yake imevimba. Nikaendelea kusonga uji.

Jumamosi, siku ya posho, nikitoka sokoni, nilikutana na Nasiba njiani amebeba sahani iliyofunikwa, anampelekea chakula. Nilitaka kuvuka barabara. Yeye akanisalimia, akauliza Sifa amepona? Nilijibu amepona. Yeye akaendelea na njia yake na sahani yake.

Jana Jumatatu nilikwenda katika ofisi ile, peke yangu. Nilimwomba mkubwa wa pale achukue simu ya Mbusa, apige kwa kamera ya mbele tangazo lililobandikwa mlangoni kwake. Akapiga. Akajaribu kulisoma kinyume, akacheka, akaita wenzake waje waone. Kisha akaacha kucheka. Akaniuliza, basi Mama, kushoto ni kwa nani?

Nilisema jina lako. Kambale Éliakim. Aliuliza linaandikwa namna gani, nikamwandikia mwenyewe. Nilimweleza pia habari ya bashi na kiraka, na nikatia sahihi chini. Hiyo ndiyo habari iliyonifanya nichukue kalamu, na nimeizungukazunguka kurasa hizi zote.

Yassini ametoka leo asubuhi. Walipita hapa wakielekea kwao, yeye na Nasiba, anatembea polepole ameshika ukuta. Nilitoka, nikapiga magoti katika matope, nikamweleza yote, hata zile siku nane. Aliniambia niinuke, kitenge kinaharibika. Akasema walipomwonyesha picha ile mara nyingi, na yeye alifika mahali akaanza kujiuliza, kumbe niko na bashi mupya, na bibi yangu hapana ananiambia! Akacheka peke yake. Nasiba hakucheka. Sijui kama atakuja tena kukaa kwenye ngazi yangu, na sina haki ya kumngojea.

Liko jambo moja ambalo sikuwaambia wale wa ofisi, na sijui kama nitawaambia. Siku moja kabla Mbusa hajafa, ulimpigia simu. Mikono yake ilikuwa na kazi, akaweka sauti juu, kwa hiyo nilisikia. Ulimwambia kule kumetulia, aende tu kesho akavune, njia ni nzuri. Miezi yote hii niliyahesabu maneno hayo kuwa ya ndugu aliyekosea. Nilikuhurumia kwa ajili yake, nilidhani yanakutesa. Sasa ninajiuliza ulijuaje kwamba kumetulia. Sisemi zaidi. Mimi nilikwisha kumshitaki mtu mmoja kwa kitu nilichodhani nimekiona, na sitaki kumshitaki wa pili kwa kitu nilichosikia tu. Lakini wewe unaweza kunijibu, na mimi ninakuuliza: Shemeji, nani alikuambia kwamba njia ni nzuri?

Yule mkubwa wa ofisi alikuwa mwema kwangu. Alisema anaweza kuandika kwamba habari imeletwa na mtu asiyejulikana, kwa usalama wangu, kwa sababu wewe ni ndugu wa marehemu na mimi nina watoto. Alikuwa amekwisha kushika karatasi nyingine. Nilimwambia hapana, aache jina langu. Nilimwambia Éliakim nitamwambia mimi mwenyewe.

Msalimie sana mama wa nyumbani, yeye sina neno naye. Uwasalimie na majirani zako wanaonifahamu. Watoto sijawaambia kitu. Kabla ya kula bado wanakutaja katika sala, na sijawazuia. Mimi sihami. Ukitaka kuja, njoo mchana, na njoo na wazee wa familia, nitawapa viti na chai. Barua hii nitampa dereva wa basi dogo la kesho saa moja asubuhi, aiweke mkononi mwako, si mkononi mwa mwingine. Mungu akulinde mpaka uwe umeijibu.

Ni mimi shemeji yako,

Kavuo, mama wa Sifa na Paulin